Alamisho zangu na yule fundi wa Luthuli

Nilikuwa nimekusudia kuzisifu alamisho, yaani njia za mkato za kufikia folda, za kidirisha cha faili cha Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, bila kubakiza neno, lakini yaliyonipata mwishoni mwa Juni yalinitia uchungu ambao haujaisha, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za kodi katika ofisi ndogo karibu na River Road jijini Nairobi, na Mkenya yeyote anajua siku za kuelekea tarehe 30 Juni zilivyo: foleni hufika ngazini, na kila mteja huamini kwamba ni yeye peke yake mwenye haraka. Alamisho ndizo zilizoniokoa kwa muda mrefu. Ukiwa ndani ya folda unabonyeza Ctrl na D, jina lake linajipanga upande wa kushoto, na tangu siku hiyo huhitaji tena kupekua folda tano ili kuifikia. Nilikuwa nazo ishirini na kitu, moja kwa kila mteja wa kudumu.

Kisha laptopu ikaanza kujizima yenyewe, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Aliweka mfumo upya, akafungua akaunti kwa jina alilojichagulia, akanakili kila kitu changu humo, wala hakuniambia lolote. Asubuhi yake, mteja amesimama mbele yangu na kitambulisho mkononi, nikabofya alamisho yake nikajibiwa kwamba folda haionekani. Nikabofya ya pili, ya tatu, ya kumi. Jibu lilikuwa lile lile. Nilimpigia fundi nikitetemeka, naye, huku akiendelea kuzungumza na mtu mwingine, akanijibu: "Mama, faili zako zote ziko. Kama hujui kuzitafuta, hiyo si shida yangu."

Faili zilikuwapo kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alamisho hutunza anwani ya folda tu, na anwani hiyo huanza na jina la akaunti. Jina likibadilika, umemwelekeza mgeni kwa rangi ya geti ambalo mwenye nyumba amekwisha kulipaka upya. Siku ile ningeulizwa, ningesema huduma hii haifai hata bure.

Usiku, hasira ikiwa imenikosesha usingizi, nilibonyeza Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane, nikaingia .config, kisha gtk-3.0, nikakuta faili iitwayo bookmarks. Ni maandishi matupu! Kila mstari ni alamisho moja inayoanza na file:///home, na penye nafasi kati ya maneno pameandikwa %20. Nikabadilisha jina la zamani kwa jipya mistari yote kwa mkupuo mmoja, nikahifadhi, nikafungua kidirisha upya, na wateja wangu wote wakarudi mahali pao. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kitu kinachorekebishika kwa urahisi namna hiyo siwezi kukiita kibovu, ingawa bado nashangaa kwa nini kidirisha chenyewe hakikunidokezea kwamba anwani ndiyo iliyohama.

Wiki iliyofuata nilipitia kwa fundi kuchukua chaja niliyoisahau. Aliniuliza kama mashine inaenda vizuri. Nilichukua chaja yangu.