Linux Mint Xfce kwenye laptopu kuukuu ya sekretariati yangu, Katuba

Nina sekretariati ndogo hapa Katuba, Lubumbashi: kompyuta mbili, printa, mashini ya fotokopi, na betri ya kutuokoa umeme ukikatika. Laptopu ninayoisema ni ya mitumba, RAM yake GB 4. Ilikuwa na Windows 10 isiyo na leseni, na adhabu yake mnaijua: maandishi ya kijivu kule chini kulia hayatoki, na ukitaka kubadilisha rangi au picha ya nyuma, mipangilio inakukatalia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia, na Windows 11 haiikubali mashini yangu. Mpwa wangu akaniwekea mfumo mwingine badala ya Windows, Linux Mint 22, ile yenye sura nyepesi iitwayo Xfce. Bure, ukiacha megabaiti za kuipakua.

Mimi si mtu wa mapambo. Shida yangu ni mteja. Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anaingia mbio na TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, ya kuwasilisha kesho asubuhi. Akikuta skrini asiyoijua, flash yake haitoki mkononi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuifanya Mint ifanane na alichozoea. Kuna kiprogramu kinaitwa xfce4-panel-profiles, unachagua mpangilio ulio tayari wa paneli, ule upau wenye menyu na saa. Mmoja unaitwa Redmond 7. Redmond ndio mji wa Marekani wanakokaa Microsoft, hao jamaa wa Xfce wana utani. Ukiubofya, paneli inakaa chini, menyu kushoto, saa kulia. Dakika moja. Kitufe cha menyu nikakivisha picha ya msalaba wa shaba wa Katanga niliyoiskani mwenyewe, na ubavuni nikaandika ANZA. Wiki ile ile kijana mmoja akaniuliza, "Mama, hii ni Windows gani?" Nikamwambia ni ya Katuba. Akanipa flash.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni maandishi. Macho yangu yameanza kuchoka, na kwenye Apparence, yaani mipangilio ya sura, upande wa fonti, kuna namba ya DPI inayopanga ukubwa wa maandishi: kawaida ni 96, nimeweka 120. Menyu, majina ya faili, vitufe, vyote vikakua pamoja. Miwani naivaa kwa karatasi za wateja tu.

Sasa ubaya. Nilishawishika na mavazi ya giza, yaani mtindo wa rangi za skrini, kila kitu cheusi, nikayapakua kutoka kwenye mtandao. Yalipendeza mpaka nilipofungua LibreOffice, programu yetu ya kuandikia. Alama za upau wa juu zilikuwa nyeusi juu ya nyeusi. Msaidizi wangu anatafuta pa kubadilisha pambizo, mteja kasimama juu ya kichwa chake, na yeye ananiita, "Yaya, batoni zimeenda wapi?" Dawa ipo, unaingia kwenye mipangilio ya LibreOffice yenyewe na kuchagua alama za rangi ya kung'aa, lakini siku ile nilirudisha mavazi meupe haraka na foleni ikaendelea. Mavazi yanayokuja na Mint yenyewe hayajanisumbua hata siku moja. Ya kuokota huko nje, yajaribu Jumapili.

La pili linaniudhi hadi leo: mipaka ya madirisha ni myembamba kama uzi. Kuushika ukingo kwa panya ili upanue dirisha ni kazi ya fundi saa. Nimejifunza kushikilia Alt na kuvuta kwa kitufe cha kulia cha panya, popote ndani ya dirisha, na linapanuka. Msaidizi wangu kakataa kujifunza. Anafungua kila dirisha skrini nzima, basi.

Kingine, fungieni paneli. Yangu ilikuwa wazi, mtoto wa jirani akaiburuta mpaka ubavuni, nikapoteza asubuhi nzima nikiirudisha. Kile kiprogramu cha Redmond kinahifadhi pia mpangilio wako katika faili moja dogo. Langu liko kwenye flash, ndani ya droo ya mihuri.

Mint naipa 8 kwa 10. Mbili nimekata kwa ajili ya ile mipaka, na kompyuta ya pili naibadilisha mwezi ujao, wanafunzi wakishamaliza TFC zao.