Bango la anga kwa watoto: uzoefu wangu, Mtwara

Nilinunua bango la sayari na nyota, lile la plastiki la kutundika ukutani, kwa shilingi 8,000 kwenye duka la steshenari hapa mjini. Wanangu wana miaka 5 na 8. Michoro ya sayari inapendeza, maandishi ni ya Kiswahili, na plastiki imehimili mikono yao. Kwa hayo sina neno.

Kasoro ni shimo jeusi. Limechorwa kama domo linalofyonza nyota, na chini yake pameandikwa kwamba linameza kila kitu. Usiku wa kwanza yule mdogo aligoma kulala. "Mama, likija huku litameza na kwa bibi Mikindani?" Iliniuma, maana nilitaka aipende anga, si aiogope.

Kesho yake jioni tukaenda ufukweni Shangani. Nikawaambia warushe vijiwe juu kadiri wawezavyo. Vyote vikarudi, kwa kuwa dunia inavivuta. Ili jiwe lisirudi kabisa lazima liende kilomita 11 hivi kwa sekunde, yaani utoke Mtwara ufike Lindi kwa sekunde kumi! Hapo mkubwa akatumbua macho. Basi shimo jeusi, nikawaambia, ni vitu vingi mno vilivyoshindiliwa mahali padogo. Ukilikaribia sana, mvuto wake ni mkali kiasi kwamba hata mwanga, unaokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, ukishaingia hautoki. Ndiyo maana ni jeusi. Si tundu, wala halizunguki likitafuta cha kumeza. Jua letu lingebadilishwa leo na shimo jeusi la uzito uleule, dunia ingeendelea kulizunguka vilevile, ila gizani na kwenye baridi kali.

"Liko mbali?" akauliza mdogo. Lililo karibu kuliko yote yanayojulikana, mwanga hutumia zaidi ya miaka 1,500 kutoka huko hadi hapa. "Bibi alikuwa hajazaliwa?" Hata bibi wa bibi, mwanangu. Usiku huo alilala.

Baadaye nikaprinti picha halisi iliyotolewa Aprili 2019, ya shimo jeusi la M87, galaksi moja, yaani kundi kubwa mno la nyota: pete ya gesi ya moto, katikati kiza. Nimeibandika juu ya lile domo. Bango nalipendekeza, ila kwa mtoto wa chini ya miaka 6 kaa naye mlitazame pamoja. Nanyi mnaolichapisha, toleo lijalo tafadhali ondoeni hilo domo.