Upekuzi wa hatimiliki kwenye Ardhisasa: mzuri, lakini usiishie hapo

Kwa anayenunua nyumba au ploti nchini Kenya, upekuzi rasmi wa hatimiliki, yaani kuangalia kwenye rejista ya serikali ardhi ni ya nani na ina kizuizi gani, ni huduma ya bei ndogo yenye faida kubwa. Kasoro iko kwa wanunuzi, ambao huuchukulia kama muhuri wa mwisho. Mabroka wanalijua hilo: tangazo la "hati safi" huja na cheti cha upekuzi cha miezi mingi iliyopita, na bado watu hutoa deposti.

Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilizinduliwa Aprili 27, 2021, ikianzia Nairobi. Unafungua akaunti kwa kitambulisho, unaingiza nambari ya ploti, unalipa, unapata cheti bila kupanga foleni Ardhi House, makao makuu ya Wizara ya Ardhi. Ikikubali, ni raha. Ikikataa, anza kwa kushuku nambari. Tangu mwisho wa 2020 nambari za ploti za mtindo wa zamani, za L.R. (Land Reference), zimekuwa zikibadilishwa kuwa za mtindo mpya wa Block, kwa hivyo nambari iliyo kwenye hati ya muuzaji huenda si ile iliyo kwenye mfumo. Pale ambapo masijala bado haijaingizwa, utaenda ofisi ya ardhi ya eneo hilo ukiwa na nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi).

Kusoma cheti ndiko kwenye kazi. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe, na ukubwa huandikwa kwa hekta. Tangazo likisema "hamsini kwa mia, nane ya ekari", piga hesabu: futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465, ilhali moja ya nane kamili ya ekari ni hekta 0.0506. Cheti kikionyesha 0.041, kuna kipande kilichomegwa, labda kwa barabara, na bei nayo yafaa ishuke. Kama ni ardhi ya kukodishwa na serikali, hesabu miaka iliyobaki, si ile 99 iliyotajwa kwenye tangazo.

Sehemu B ina jina la mwenye ardhi pamoja na zuio lolote la kumkataza kuuza. Linganisha jina na nambari ya kitambulisho, herufi kwa herufi. Jina likiwa la marehemu, mtoto wake hawezi kukuuzia hadi mahakama ithibitishe urithi, hata akikuletea barua ya chifu. Sehemu C huonyesha madeni: benki ikiwa humo, hati imewekwa dhamana, na malipo yako yapangwe na wakili ili deni lifutwe kwanza.

Kuna mengi ambayo cheti hakitakuambia. Hakitaji malimbikizo ya ada za kaunti, wala haki ya aliyekaa kwenye ardhi hiyo zaidi ya miaka 12, wala kama mke au mume amekubali nyumba ya ndoa iuzwe, jambo ambalo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inalidai. Hakielezi pia hati ilivyozaliwa. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda mnunuzi wa ardhi ya Mombasa kwa sababu ugawaji wa kwanza haukufuata sheria. Kwa hivyo omba pia nakala ya kadi ya kijani, yaani rekodi ya masijala ya historia ya ardhi hiyo, ufuate kila uhamisho hadi mwanzo. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ningeilipia wakili kwa moyo mweupe.

Fanya upekuzi mara mbili: kabla ya kutia sahihi, na tena kabla ya kulipa salio. Zuio laweza kuwekwa katikati, na cheti cha kwanza hakina habari nalo. Risiti ya "kushikilia ploti" nayo haitoshi; mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa.

Ukinunua kupitia ajenti, dai nambari yake ya usajili chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura 533. Kwa shamba la kilimo, kumbuka kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi: ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na kibali kisipopatikana, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302, inauhesabu mkataba huo kuwa batili, cheti cha upekuzi kiwe safi namna gani.