Uzoefu wangu na shirika la hisani linalohasi paka wa mtaani

Nilipolipigia simu shirika hili kwa mara ya kwanza, nilitaka jambo moja tu: waje wawachukue paka saba waliokuwa wakizaliana nyuma ya nyumba yetu, wakawaweke popote watakapoona panafaa. Sikuwa mpenzi wa paka, wala sikuwa adui yao. Kilichonichosha ni ugomvi wa mapaka shume usiku kucha, harufu ya mikojo ukutani, na vitoto vilivyokuwa vikifa kimoja baada ya kingine. Mhudumu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kwa upole kwamba hawachukui paka wazima waliozoea kuishi nje, ila wangenikopesha mtego, wangewahasi na kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa bila malipo, nami ningewarudisha palepale nilipowakamata. Nilikata simu nikiwa nimeudhika, na zikapita wiki mbili kabla sijapiga tena.

Kilichonigeuza ni maelezo niliyopewa siku ya kuchukua mtego. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu, huibeba kwa takriban wiki tisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Tena kupandwa kwenyewe ndiko kunakofanya mayai yake yaachiliwe, ndiyo maana dume akimfikia akiwa kwenye joto, ni nadra akose mimba. Ukiwahamisha wote huku chakula na maficho vimebaki palepale, haupiti muda mrefu kabla wengine hawajahamia. Na paka mzima asiyezoea watu, akifungiwa kwenye makazi ya wanyama, hujikunyata pembeni mwa kizimba akisubiri mtu wa kumchukua, na mtu huyo mara nyingi haji. Nilikuwa nimedhani kuwa kazi ya mashirika haya ni kukusanya wanyama. Kumbe sehemu kubwa ya historia yao ni kuwatibu wanyama wakabaki walipo: Maria Dickin alipofungua zahanati yake Whitechapel, London, mwaka 1917, aliwatibu bure wanyama wa maskini wakarudi na wenyewe nyumbani, na Dorothy Brooke alifanya vivyo hivyo kwa hospitali aliyoianzisha Cairo mwaka 1934 kwa ajili ya farasi na punda wa kazi.

Mtego wenyewe ni sanduku refu la waya lenye kibao ndani. Paka akikikanyaga, mlango hushuka nyuma yake. Niliagizwa niwalishe kwa saa ileile kila siku kwa wiki nzima, kisha siku ya mwisho niwanyime kabisa, kwa sababu mnyama mwenye njaa huingia mtegoni na pia huipokea dawa ya usingizi kwa usalama zaidi. Agizo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa la shuka. Paka wa kwanza alipojikuta amefungiwa, alijirusha huku na huku hadi nikahofu atavunja meno kwenye waya, lakini nilipoufunika mtego kwa shuka kuukuu alinyamaza papo hapo, kana kwamba amezimwa. Asubuhi nilimpeleka, jioni nikamchukua akiwa amelegea, ncha ya sikio lake la kushoto imekatwa mstari ulionyooka. Alama hiyo hukatwa paka akiwa bado usingizini, na faida yake ni kwamba mtu yeyote akimwona kwa mbali hujua amekwisha kufanyiwa upasuaji, asikamatwe tena bure. (Neno kuhasi, kwa wanaojali lugha, ni la madume, lakini pale kliniki hulitumia kwa majike pia, ingawa jike hufunguliwa tumbo na kutolewa ovari na mfuko wa uzazi.)

Paka wa tatu ndiye aliyenionyesha uzuri na udhaifu wa shirika hili kwa siku moja. Alikuwa jike wa kijivu, mkonde, nami nilimpeleka bila kujua kwamba ana watoto. Aliyempokea hakuniuliza lolote wala hakulifunua shuka. Alibandika namba na kumpitisha ndani. Saa sita mchana daktari akanipigia simu mwenyewe: paka amekwisha kulala, chuchu zina maziwa, je, nimewaona watoto? Sikuwa nimewaona. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikisikiliza, hadi nikavisikia vikilia kwa sauti nyembamba nyuma ya tangi la maji, vitatu, macho yakiwa ndiyo kwanza yamefumbuka. Daktari alimfanyia mama upasuaji kabla ya wengine wote, akaniambia nisiviguse wala kuvihamisha, na jioni ileile, alipoamka vizuri, nikamfungulia mlango wa mtego hatua chache kutoka kwenye tangi. Hakunitazama hata mara moja. Upasuaji huo haukatishi maziwa, na kweli aliendelea kunyonyesha. Daktari yule namshukuru, lakini swali la watoto lingepaswa kuulizwa pale mapokezi, kabla ya sindano, kwa kila jike anayeingia. Niliwaandikia hivyo, na tangu hapo nimeliona kwenye fomu yao.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Simu yao hupokelewa kwa bahati, na tarehe yangu iliahirishwa mara mbili, mara moja nikiwa nimekwisha kuwanyima paka chakula. Mtego ni mmoja kwa kila mwombaji, kwa hiyo kazi ambayo ingekwisha kwa siku mbili ilinichukua zaidi ya miezi miwili, na katika muda huo jike mmoja alikwisha kushika mimba. Huduma ni ya bure, ingawa huomba mchango wa hiari. Niliutoa nikapewa stakabadhi bila kuuliza, jambo ambalo mashirika mengine ya hisani niliyowahi kuyachangia hayakulifanya.

Sasa ni mwezi wa nane. Paka sita wana alama sikioni na hakuna kitoto kipya kilichozaliwa. Kelele za usiku hazikukoma siku ileile, kwa kuwa homoni za dume huchukua wiki kadhaa kupungua, lakini zimepungua sana, na ukuta haunuki tena. Vitoto viwili vya yule wa kijivu shirika liliwatafutia watu wa kuwalea. Cha tatu kimebaki kwetu, na kuhusu hilo sisemi zaidi. Anayesumbua ni shume mmoja mzee mwenye pua iliyojaa makovu, ambaye hukaa mbele ya mtego, hunusa samaki, kisha hulala kando yake hadi asubuhi. Nimeomba mtego tena kwa wiki ijayo, na safari hii wameniahidi ule wa aina nyingine, ambao mlango wake huangushwa na mtu kwa kuvuta kamba.