Laini za kulipia kabla kwa msafiri: nimejaribu tatu, ya bei chee ndo imenila zaidi

Nimerudi juzi kutoka safari ya wiki tatu, nchi mbili, na ndani ya hizo wiki tatu nimetumia laini za aina tatu za kulipia kabla, sio kwa kupenda, ni kwa kuhangaika, ya kwanza ikazingua nikahamia ya pili, ya pili ikafia mpakani nikawasha ya tatu. Majina ya kampuni sitaji maana shida niliyokutana nayo iko kwenye aina ya kifurushi chenyewe, kesho utaikuta kwa mwingine mwenye nembo ya rangi tofauti.

Naanza na iliyonikera. Ni eSIM, yani laini isiyo na kadi inayoingizwa kwenye simu kwa mtandao, ya kununua kwenye app, siku 15, "data bila kikomo", na nilipogawanya bei kwa siku ilikuwa chini kuliko zote nilizoziona. Nikanunua nikiwa bado nyumbani kwenye waifai, nikaskani msimbo wa QR, dakika tatu laini imeingia, hapo kusema ukweli nilifurahi. Nimetua, natoa simu kwenye mode ya ndege, mnara umeshika palepale, meseji zinamiminika, nikaita taksi kwa app hata begi sijalipata. Nikasema hawa jamaa wanajua kazi.

Saa kumi jioni ramani ikaganda. Kale kadoti ka bluu kamesimama kwenye uwanja mweupe, hakuna barabara, hakuna jina la mtaa, na mi nimesimama njia panda nainua simu juu kama vile mtandao unadondoka kutoka mawinguni. Nikazima nikawasha, wapi. Kuingia kwenye app yao nikakuta maandishi madogo chini kabisa: kila siku unapewa GB 1 ya spidi kamili, ukiimaliza unashushwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde mpaka siku igeuke. Wao wanaita matumizi ya haki. Sasa piga hesabu, kwa spidi hiyo MB 1 tu inachukua kama dakika nzima kushuka, picha moja ya kawaida ya simu ya MB 3 ni dakika tatu na ushee, ramani usiulize. Ndo hiyo "bila kikomo", yani haikatiki kweli, ila inakuwa kama bomba linalotoa tone tone, huwezi kusema maji yamekatika na huwezi kuoga.

Na GB 1 imeenda wapi wakati sijaangalia hata video moja? Hapa nakubali kosa ni langu. Simu yangu huwa inapeleka picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni yenyewe, nyumbani iko kwenye waifai kwa hiyo siioni, sasa kule imeona data ya bure ikaanza kupakia vivideo vyote nilivyopiga dirishani kwenye ndege. Afu app zikajiapdeti. Kwa hiyo kabla hujaondoka, ingia kwenye setingi uzime hizo mbili, hifadhi ya picha na apdeti za app, ziwe za waifai tu. Na ramani ya mji unaokwenda idaunilodi mapema, GPS yenyewe haihitaji bando, kadoti kanatembea hata ukiwa huna MB hata moja.

Kilichonichosha zaidi ni hiyo "siku igeuke". Nilidhani ni saa sita usiku. Kumbe siku yao wanahesabu kwa saa za UTC, yani zile saa za kimataifa za kipimo, kwa hiyo ukiwa sehemu iliyo masaa 8 mbele, GB yako mpya inaingia saa mbili asubuhi, na ukiwa umemaliza ya jana jioni basi usiku kucha na alfajiri yote unaenda kwa tone tone. Wengine wanahesabu masaa 24 toka ulipowasha. Sio kitu kidogo hicho, kama bando linaanza kuhesabu pale unaponunua na sio pale unapotua, unaweza kuwa umeshapoteza siku mbili kabla hata hujapanda ndege. Uliza.

Jambo lingine ambalo sikulijua: eSIM za wasafiri za namna hii mara nyingi ni za data peke yake. Huna namba. Huwezi kupiga simu ya kawaida hotelini, huwezi kupokea, na ile meseji ya benki yenye namba za kuthibitisha haiji kwenye hiyo laini. Kilichoniokoa ni kuwa laini yangu ya nyumbani niliiacha imewaka upande wa pili, data ya romingi (ile ya kutumia mtandao wa nchi ya wengine) nimeizima, ibaki ya kupokelea meseji tu. Kampuni nyingi kupokea meseji ukiwa nje hazikukati, ila kupokea simu mara nyingi unakatwa, tena kwa dakika, kwa hiyo mtu akipiga usiitikie kishujaa, mkatie umtafute kwa app. Kuongea kwa app ni nafuu kuliko watu wanavyofikiria, saa nzima ya sauti bila video kwa kawaida haifiki hata MB 100. Mla data ni video, ile ya HD inaweza kuondoka na GB 3 kwa saa moja.

Halafu app ya benki ilinigomea siku mbili. Nikaja kugundua kuwa hizi eSIM nyingi intaneti yake inazungushiwa nchi ya tatu, wewe uko hapa ila mtandaoni unaonekana uko kwingine kabisa, benki ikiona hivyo inashtuka. Na huo mzunguko unaongeza kuchelewachelewa pia, kwenye simu za video unasema kitu unasubiri kidogo ndo mwenzio anacheka. Nyota 2 kati ya 5, na moja hapo ni ya zile dakika kumi za kwanza uwanjani.

Siku ya sita nikachoka, nikaenda kutafuta laini ya pale pale. Uwanja wa ndege nilishapita kibandani nikaona bei nikaondoka, sasa nikaenda duka la kampuni ile ile mjini na nikaelewa mchezo. Kule uwanjani wanauza kitu kimoja tu kinaitwa kifurushi cha mtalii, kimejazwa madakika ya kupiga ndani ya nchi ambayo mgeni hana wa kumpigia. Mjini wanauza bando la kawaida la wenyeji, GB nyingi zaidi kwa karibu nusu ya bei, mnara ule ule. Kwa hiyo kama una njia ya kufika mjini bila intaneti, vumilia hiyo saa moja.

Dada wa dukani alichukua pasipoti akaipiga picha, akanipiga na mimi, maana nchi nyingi siku hizi laini haiwashwi bila kusajiliwa na kitambulisho, hilo lilichukua kama dakika 20 na ni muda mrefu kuliko chochote kingine. Afu akachomoa kale kasinia kwa sindano, akatoa laini yangu ya zamani, na kabla sijasema kitu akaibandika kwa selotepu nyuma ya kikadi cha ile mpya na kunirudishia, "ukiipoteza hii ndo utalia." Simu yangu ina nafasi moja ya kadi na nyingine ni eSIM, kwa hiyo ile eSIM ya mwanzo ikalala na ya nyumbani ikakaa kwenye pochi. Hapo ndo nikajuta, ningekuwa nimehamishia laini ya nyumbani kwenye eSIM kabla ya safari ningebaki na kasinia wazi kwa ajili ya laini yoyote ya dukani na meseji za benki zingeendelea kuingia. Hiyo kazi ifanye ukiwa bado kwenu, ukiwa nje kampuni yako inaweza kukutaka uende dukani na duka lenyewe liko mbali na ulipo.

Kama hujui simu yako inakubali eSIM, piga *#06#, ikikuonyesha namba ndefu yenye jina EID pamoja na zile IMEI (namba za utambulisho wa simu) basi inakubali. Na hakikisha simu haijafungwa kwa mtandao mmoja, maana jamaa mmoja tuliyekuwa naye foleni alikuwa na simu ya gharama kuliko yangu mara tatu, ya kulipia kidogo kidogo kwa mkataba, kaweka laini mpya ikamwandikia kadi hii haikubaliki. Akaondoka na laini iliyosajiliwa kwa pasipoti yake na haina pa kukaa. Simu za zamani nazo uangalie, kuna nchi zimeshazima mitandao ya zamani, Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, simu isiyoweza kupiga kupitia 4G kule inabaki ya kupigia picha.

Utendaji wa hiyo laini ya dukani? Hakuna cha kulalamika. Spidi ile ile asubuhi na usiku, namba ninayo, taksi ananipigia ananiambia yuko upande gani wa barabara. Bei ya GB moja ikawa kama theluthi ya ile ya eSIM nikihesabu data ya spidi kamili tu, maana ile ya tone tone siihesabu. Kuongeza bando nilitumia msimbo wa nyota na reli kama tulivyozoea, ila menyu ilikuwa kwa lugha yao, nikabonyeza kwa kukisia mara mbili na mara moja nikajiunga na miito ya muziki. Nyota 4.

Nyota ya tano iliondoka mpakani. Basi limevuka daraja, mnara wa kwanza umepotea, simu inatafuta, inaandika hakuna huduma, na GB zangu 5 zilizobaki zimebaki ng'ambo ya mto. Nilikuwa najua kichwani kuwa laini ni ya nchi moja, ila kujua na kukumbuka wakati unanunua bando la siku 28 ni vitu viwili. Kama unazunguka nchi kadhaa, hapo ndo eSIM ya kikanda inaanza kuwa na maana hata kama GB yake ni ghali. Ulaya ni kisa chake peke yake, toka Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya unaitumia nchi nyingine za umoja bila kuongezewa romingi, na Norway, Iceland na Liechtenstein zimo, ingawa kwa bando za bei chee sana kampuni inaruhusiwa kukuwekea kiwango cha data ukishavuka. Uswisi haimo. Watu wanalala hoteli karibu na mpaka, simu usiku inadaka mnara wa Uswisi, asubuhi salio limelia. Na meli au ndege usiseme, ule ni mtandao wa setilaiti, hakuna bando la kawaida linalouhusu, weka mode ya ndege ulale.

Kwa siku mbili zilizobaki nchi ya pili sikutaka tena kusimama foleni, nikarudisha laini ya nyumbani na kujiunga kifurushi chake cha romingi. Kwa MB ni ghali kuliko zote, sibishi, ila kwa siku mbili jumla yake ilikuwa ndogo kuliko kununua laini nyingine nzima, na namba yangu ikawa inafanya kazi. Cha kuogopa ni kile kinachotokea kikiisha, wengine wanakata intaneti na hao ndo wazuri, wengine wanaendelea kukukata kwenye salio kwa bei ya bila kifurushi. Mi niliweka salio la kifurushi tu, senti ya ziada hakuna, likiisha liishe. Nyota 3.

Nilipofika nyumbani nikafungua setingi nikaangalia matumizi, nikitoa ile siku ya picha, wastani wangu ni kama MB 400 kwa siku, ramani, meseji, kusomasoma na kupiga kwa app. Siku 15 mara 400 ni GB 6. Yani nililipia "bila kikomo" wakati bando la kawaida la GB 8 lingenitosha na kubaki, na wala nisingeshushwa spidi kwa sababu siku moja naweza kula MB 1,200 na kesho yake 100, na GB 8 za pamoja hazijali hilo. Ile ya GB 1 kwa siku inajali. Kwa hiyo mi sasa hivi siangalii tena bei iliyoandikwa kwa wino mkubwa, naangalia data ya spidi kamili ni ngapi kwa jumla, naangalia siku zinaanza kuhesabiwa lini, na kuongeza GB moja katikati ya safari ni bei gani, maana wengi wanakuuzia ya kwanza rahisi wakijua utarudi ukiwa umekwama.

Ile kadi ya dukani bado ninayo, selotepu imeng'ang'ania nyuma. Laini ya kulipia kabla isipotumika muda fulani kampuni inaifunga na namba inauzwa kwa mtu mwingine, na sasa ndo nakumbuka ile app ya taksi ya kule niliifungulia akaunti kwa namba hiyo na kadi yangu ya benki imo. Ngoja nikaitoe.