Rafu ya ukutani kwa mashine ya santuri: miguu ya mpira haioni ndani

Rafu hii huundwa na mafundi wa kuchomelea kwa kuagiza: vyuma viwili vya engo vya mm 40 vilivyotiwa mkingamo, ubao wa sm 50 kwa 40 juu yake, na skrubu za kusawazishia. Kazi yake ni moja tu, sindano isiruke mtu akipita chumbani. Kwa nyumba za mawe za Lamu, kazi hiyo inaimudu, ila kwa sharti la ufungaji.

Sakafu ya ghorofa hapa imelala juu ya boriti za mikoko, na chumba kilichotandikwa mbao ndicho kibaya zaidi. Hatua ya mtu huitikisa kwa masafa ya chini, mara nyingi chini ya hezi 10, yaani mitikisiko 10 kwa sekunde. Mkono wa mashine pamoja na katriji yake, kile kichwa kinachoshika sindano, nao una mtikisiko wa asili, kwa kawaida kati ya hezi 8 na 12. Vikikutana, sindano inaruka.

Miguu ya mpira haisaidii hapo. Mpira unaobonyea mm 1 chini ya uzito wa mashine una mtikisiko wa hezi 16 hivi. Mitetemo ya chini ya hapo hupita, na ya karibu na hapo huongezeka. Kuzuia hatua za hezi 5 kunataka springi inayobonyea kama mm 25, na springi laini hivyo huyumba ukigusa mashine tu. Mashine zenye springi zao ndani ndizo zinazoteseka zaidi sakafuni, na ndizo zinazofaidi rafu hii kuliko zote.

Sasa ukuta. Boriti huvuka upana mfupi wa chumba na kuegemea kuta mbili ndefu, kwa hiyo kuta hizo hupokea hatua za watu. Funga rafu kwenye ukuta wa upande mfupi, na usiuguse kabisa wenye zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ukutani. Bolti za kutanuka ziache dukani: husukuma mawe ya matumbawe kwa pembeni, nayo yana vitundu, hupasuka. Lipu ya chokaa nayo haishiki kitu. Toboa uipite lipu, kisha uingie sm 10 ndani ya jiwe lenyewe, bila kugongesha drili. Puliza vumbi lote litoke, la sivyo gundi itashika vumbi badala ya jiwe. Tia gundi ya epoksi, ingiza fimbo ya stenlesi yenye uzi ya mm 10, uiache siku nzima kabla ya kubebesha uzito. Chuma cha kawaida, kwa chumvi ya bahari hii, hakikawii kutu, na kutu huanzia kwenye viungo vya kuchomelea.

Dosari za rafu yenyewe: skrubu ni nne, na nne hazikai sawa bila kutetereka. Agiza tatu. Ubao wa plaiwudi isiyopakwa rangi pembezoni huvimba kwa unyevu wa masika. Spika zisiwekwe juu yake hata kidogo.

Kuijaribu, weka sindano kwenye santuri isiyozunguka, ongeza sauti kiasi, mtu akanyage katikati ya chumba. Ukisikia mvumo mzito, angalia kwanza zile fimbo za ukutani, halafu uhakikishe ubao haugusi lipu nyuma.