Uzoefu wangu: sanduku la fyuzi 120 za gari, taa ya kupimia na kibanio

Ndani kuna fyuzi za miguu bapa 120. Nusu ni ndogo, upana wa milimita 11 hivi, na nusu ni za kawaida, milimita 19. Kila saizi ina ampea 5, 10, 15, 20, 25 na 30, kumikumi. Kuna pia kibanio cha plastiki cha kung'olea na taa ya kupimia yenye waya na klipu. Nalipatia sanduku hili nyota tatu na nusu kati ya tano. Bila ile taa lingepata mbili.

Aliyepanga mgawanyo huo hajui zipi huungua. Za 10 na 15 ndizo zinazokwisha: soketi ya kuchajia simu, taa, honi, redio. Za 25 na 30, kumikumi kwa kila saizi, zitakaa humo hadi gari liuzwe. Halafu ya ampea 7.5, ile ya kahawia inayolinda vifaa vingi vya kielektroniki, haimo kabisa. Ukikwama, weka ya 5 kwa muda. Ikiungua hujaharibu kitu. Ya 10 usiweke. Fyuzi huchaguliwa kwa unene wa waya, na ukiipandisha, waya ndio utakaoungua badala yake. Pia hakuna zile ndogo fupi, zenye upana uleule ila miguu yake karibu haionekani chini ya plastiki. Magari mengi mapya yanazitumia, kwa hiyo ng'oa moja uitazame kabla ya kununua.

Taa ya kupimia ndiyo sababu ya kulinunua. Fyuzi hizi zina vitobo viwili mgongoni vinavyofika kwenye chuma, basi unapima bila kung'oa. Bana klipu kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi, kisha gusa kwanza chanya ya betri ili ujue taa yenyewe ni nzima na klipu imeshika. Washa swichi ya gari, maana fyuzi nyingi hazipati umeme ufunguo ukiwa umezimwa. Gusa vitobo vyote viwili:

- taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima;
- ikiwaka upande mmoja tu, imeungua;
- isipowaka popote, umeme haufiki hapo: angalia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au fyuzi kubwa iliyo nyuma yake.

Wanaotumia mita ya umeme kwa mlio, yaani inayolia ikipata njia isiyokatika, wajihadhari. Fyuzi ikiwa bado mahali pake, mita inaweza kulia hata kama imekatika, kwa sababu umeme wa mita hupita njia nyingine kupitia vifaa vilivyounganishwa pande zote mbili. Kwa mlio, ing'oe kwanza. Kwa macho nako usiamini sana. Ufa mwembamba wa uzi wa chuma wa fyuzi hujificha ndani ya plastiki.

Kibanio ni hafifu. Kinashika za kawaida vizuri, lakini kwenye ndogo zilizosongamana midomo yake hupanuka na kuteleza. Koleo ndogo yenye mdomo mwembamba hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Zima swichi kwanza, vuta wima bila kuitikisa kushoto na kulia. Ukiitikisa unapanua vishikio, na kishikio kilicholegea hupata joto, huyeyusha plastiki ya fyuzi, na utabaki ukishangaa kwa nini fyuzi nzima imebabuka.

Ubora wa fyuzi zenyewe nilitaka kuujua, kwa sababu zipo za bandia zisizokatika. Jaribio ni rahisi. Balbu mbili za wati 55 zikiunganishwa sambamba kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 9 na kidogo. Zipitishie fyuzi ya ampea 5, kwa waya mnene, mezani na si ndani ya gari. Ya kweli haitavumilia dakika moja. Nilijaribu tatu kutoka sanduku hili na zote zilikatika ndani ya sekunde chache. Ukiona balbu zinaendelea kuwaka tu, tupa sanduku zima.

Kabla ya kutupa fyuzi iliyoungua, itazame. Uzi uliokatika pole, plastiki ikiwa safi, ni dalili ya mzigo mkubwa: mota ya wipa iliyokaza, au pampu ya upepo iliyochomekwa kwenye soketi isiyoiweza. Uzi uliotoweka na plastiki kuwa nyeusi ni shoti. Hapo usiweke nyingine na nyingine ukidhani bahati itageuka. Chomoa kifaa kinacholindwa na fyuzi hiyo, kisha weka mpya. Isipoungua, ubovu uko kwenye kifaa. Ikiungua tena papo hapo, fuata waya hadi panapogusa bodi. Kwenye soketi ya kuchajia, mulika ndani kwanza. Mara nyingi utakuta sarafu.

Fyuzi kubwa zilizofungwa kwa bolti karibu na betri hazimo sandukuni, na hizo haziguswi kabla ya kufungua hasi ya betri.